Mpira wa Shubiri Moja

Siku hizi ni shida kupata kijiji katika Kenya kisichokuwa na pikipiki. Zabeba abiria, zabeba maziwa, zabeba kabeji na magunia ya viazi, na usiku zabeba wagonjwa. Kila mwenye pikipiki ajua habari za matairi yake, mnyororo wake na breki zake, na wako waiosha na kuing'arisha kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Lakini waulize watu hao, "Ule mpira uletao petroli kutoka katika tangi mpaka kwenye kabureta, uliubadilisha lini?" Wengi watakutazama tu. Wengine watakuambia kuwa hawakujua kwamba hubadilishwa.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ukarani, na mikono yangu imezoea majalada kuliko spana. Walakini nimepanda pikipiki kwa muda wa miaka tisa, kwa kuwa ofisi yetu hunituma mashambani, na mtu apandaye pikipiki mbali na mji hana budi kujifunza mambo machache, ama sivyo atalala njiani. Nataka kuwaeleza wasomaji kazi niliyoifanya pamoja na mtoto wa marehemu kaka yangu, huko nyumbani karibu na Molo, ya kumwaga petroli kuukuu na kutia mpira mpya. Ni kazi ndogo. Ilituchukua Jumamosi mbili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hatukushika spana hata kidogo.

Kaka yangu aliacha pikipiki moja yenye injini ya sentimita za ujazo 125, ya namna ile ya kawaida yenye kabureta. Tangu alipofariki ilisimama chini ya upenu wa ghala ya mahindi, imefunikwa gunia, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Shemeji yangu hakutaka kuiuza, wala hakupenda kuitazama ikiliwa na kutu. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, na kila asubuhi humlipa kijana mmoja shilingi 100 ampelekee maziwa kituoni, mwendo wa kilomita sita. Lori la ushirika huondoka hapo saa moja na nusu. Kijana huyo akichelewa, maziwa hurudi nyumbani, na maziwa yaliyorudi nyumbani hayalipi karo ya mtu. Basi akaja mnunuzi wa pikipiki mbovu, akatoa neno la shilingi 12,000. Shemeji hakumjibu. Aliniita mimi.

"Shemeji," akaniambia, "kama itafufuka, na ifufuke. Kama haifufuki, uniambie wazi, nimwite mtu huyu alete fedha zake. Siwezi kuwalisha watoto kwa kitu kinachokaa ndani ya gunia."

Mwanawe, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye amekwisha kupata leseni, alikuwa amejaribu kuiwasha mara nyingi. Injini haikukohoa hata kidogo. Nilipofika niliinama nikanusa. Harufu ya petroli ilikuwa kali, na chini ya ule mpira lilining'inia tone moja, likianguka jingine hushika mahali pake. Mpira wenyewe ulikuwa mgumu kama ukucha, una nyufa nyingi ndogo kama udongo wa bwawa lililokauka. Penye ufa mkubwa ulifungwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, na juu yake umepakwa sabuni ya mche.

Habari ya sabuni nataka kuieleza, kwa kuwa watu wengi wanaitegemea. Sabuni ya mche haiyeyuki katika petroli kama inavyoyeyuka katika maji, kwa hiyo mtu akipata tundu dogo katika tangi safarini, akiliziba kwa sabuni, aweza kufika nyumbani. Hilo ni kweli, nami nimeliona. Lakini sabuni ni ya kufikia nyumbani tu, si ya kukaa nayo miezi. Tena katika mpira huu haifai hata kidogo, maana mpira hutikisika injini inapokwenda, nao hupita karibu sana na silinda yenye moto na waya wa plagi uletao cheche. Tone likiangukia silinda ya moto, siku nyingi hugeuka mvuke tu likapotea. Siku moja cheche hupata nafasi katika waya uliochunika, na pikipiki huwaka katikati ya miguu ya mtu.

Yule kijana akasema, "Baba Mdogo, tufunge ukanda mwingine mpya, halafu tuisukume kilimani. Ikishuka itawaka."

Nikamwambia ya kwamba kwanza tutatoa petroli yote, ndipo tujue tunafanya nini. Akaona ninachelewesha mambo. Nami sikumlaumu, kijana akiona pikipiki hutaka kusikia sauti yake.

Petroli si kama mafuta ya taa, ingawa yote mawili hununuliwa katika kituo kimoja. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la digrii 38 hivi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sufuri, baridi ambayo haijapata kuonekana Molo, ijapokuwa asubuhi za Julai twaweza kudhani imefika. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini, ukafuata mteremko na mtaro kama maji, wala macho hayauoni. Mtu aweza kumwaga petroli hapa, na moto ukashikia kule jikoni, kisha ukarudi mbio mpaka miguuni pake.

Sisi wa upande huu hatuhitaji kuhubiriwa sana neno hilo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, katika barabara kuu ya Nakuru na Eldoret, si mbali na kwetu. Watu wakakimbilia na mitungi na ndoo kuteka. Petroli ikashika moto, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mwaka 2011, tarehe 12 Septemba, petroli iliyovuja kutoka bomba kubwa iliteremka katika mtaro hadi mtaa wa Sinai, Nairobi, nako watu wapatao 100 wakaangamia. Wengi hukumbuka kwamba watu wale walikuwa wakiteka mafuta, wakawahukumu kwa sababu hiyo. Mimi hukumbuka zaidi kwamba wako waliokuwa wamesimama mbali wakitazama tu.

Basi mahali pa kazi ndipo palipotupa shida ya kwanza. Upenu wa ghala uko hatua kumi kutoka jikoni, na Shemeji alikuwa na sufuria ya maharagwe motoni. Kijana akataka kumwambia mama yake auzime moto. Nikamkataza. Maharagwe yale yalikuwa chakula cha watu wanane, na pikipiki ina magurudumu. Si jiko liondoke, ni pikipiki. Tukaisukuma mpaka malishoni, hatua zipatazo hamsini, mahali pa wazi ambapo upepo ulikuwa ukivuma kutoka nyumbani kwenda upande wetu, si kutoka kwetu kwenda nyumbani. Tukaweka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Watoto wadogo tukawapa kazi ya kuwazuia ndama, na kazi hiyo waliipenda. Kisha nikafungua kiti nikatoa waya wa betri, ule wa upande wa kutoa kwanza, ili cheche isipate mahali pa kutoka.

Ndipo akaja jirani yetu mzee, mkononi ana sigara imewaka. Huyu ni mtu wa rika la baba yangu, naye alikuwapo nilipotahiriwa. Haifai mtu wa umri wangu kumwamuru. Nikasimama, nikamsalimu, nikamwuliza habari za nyumbani na za mvua, halafu nikamwambia, "Mzee wetu, naomba radhi. Hapa twataka kufungua petroli. Ukipenda, keti pale juu kwenye jiwe penye jua, nasi tutakuja kukueleza mambo yanavyokwenda."

Akaitazama sigara yake. Akaiangusha, akaikanyaga, kisha akaifukia udongo kwa ncha ya kiatu, akakanyaga tena. "Umeniheshimu kwa maneno mengi," akasema. "Siku nyingine sema 'Zima!' Mimi nilikwenda Sachang'wan asubuhi yake kumtafuta mtoto wa dada yangu." Hakusema kama alimpata, nasi hatukuuliza. Akaketi juu ya jiwe muda wote wa kazi, na watu wengine walipokuja kutazama ni yeye aliyewaondoa.

Kumwaga petroli kwenyewe si jambo la nguvu. Chini ya tangi iko koki yenye nafasi tatu: ya kufunga, ya kwenda, na ya akiba. Tuliifunga, tukaubana ule mpira kwa koleo penye kabureta na kuuvuta. Ulikatika mkononi mwa kijana kama muhogo mkavu. Akanitazama, asiseme neno. Tukatoa kipande kilichobaki, tukatia mpira mwingine wa muda, na mwisho wake tukauingiza katika debe la chuma lililowekwa chini juu ya ardhi. Nasema chini juu ya ardhi kwa sababu yake. Petroli ikipita katika mpira na kuangukia chombo huzaa umeme kidogo wa kusuguana, kama ule ulialiao mtu avuapo sweta ya sufu usiku wa baridi. Chombo cha chuma kilichokaa juu ya ardhi huupeleka umeme huo ardhini. Mtungi wa plastiki ulioshikwa mkononi au kuwekwa juu ya kiti haufanyi hivyo.

Kisha tukafungua koki, si katika nafasi ya kwenda bali katika nafasi ya akiba. Hapa pana siri ambayo wapandaji wengi hawaijui. Ndani ya tangi koki ina mrija uliosimama wima. Koki ikiwa katika nafasi ya kwenda, petroli huingia kwa juu ya mrija huo, hivyo ile iliyo chini yake haitoki. Ukigeuza kwenye akiba, hutoka kwa tundu la chini. Kwa sababu hiyo mtu asiyetumia akiba hata siku moja hukaa na uchafu wa miaka mitatu chini ya tangi, asijue, mpaka siku petroli inapomwishia njiani, ageuze koki, na uchafu wote uteremke kwa pamoja.

Zilitoka kama lita nne. Lakini hata hapo tangi halikuwa tupu. Tukafungua bolti moja ya nyuma, tukalivuta tangi nyuma likatoka katika raba zake, tukaliinamisha juu ya debe. Mwisho wa yote nikakinga kidogo katika chupa nyeupe ya jemu, nikamwita kijana na yule mzee waje watazame mwangani.

Juu kulikuwa na petroli yenye rangi ya chai ya rangi, na harufu yake ilikuwa kama ya vanishi wala si ya petroli mpya. Chini yake kulikuwa na maji safi, yamejitenga kabisa, na ukiitikisa chupa hugeuka matone ya mviringo kama shanga kisha hukaa tena mahali pake. Chini kabisa kulikuwa na kutu, nyekundu, laini kama unga wa wimbi. Lita moja ya maji huwa na uzito wa kilo moja, na lita ya petroli hupata gramu 740 hivi. Kwa hiyo maji hushuka siku zote. Na mdomo wa akiba uko huko huko chini.

Mzee akauliza maji yaliingiaje, naye alijua ya kuwa kaka yangu hakuwa mtu wa kununua mafuta ya wizi. Swali lake lilikuwa zuri. Tangi likiwa nusu, nusu ya juu ni hewa. Mchana hewa hiyo hupata joto hutoka kwa tundu dogo la kifuniko. Usiku hupoa, hewa nyingine ya umande huingia, na unyevu wake hugeuka matone katika chuma baridi. Tone moja usiku mmoja si kitu. Lakini mahali petu ni juu sana na baridi yake yajulikana, na usiku zilikuwa zaidi ya mia tano. Kwa hiyo mtu atakayeiweka pikipiki miezi mingi, heri alijaze tangi mpaka juu, au alimwage lote na kulikausha. Nusu ndiyo mbaya kuliko zote. Na petroli nayo huzeeka: sehemu zake nyepesi, zile ziwashazo injini asubuhi, huondoka kwanza, na kinachobaki hugeuka utomvu uzibao matundu ya kabureta.

Mama mmoja jirani alituma mtoto kuomba ile petroli kuukuu, apate kuiongeza katika mafuta ya taa yake. Tulimrudisha mtoto na jibu la hapana, halafu Shemeji mwenyewe akaenda kumweleza. Petroli ndani ya taa ya utambi ni baruti. Ni ajabu, kwa kuwa katika Kenya hila ya wafanya biashara wabaya ilikuwa kinyume chake: walichanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi, hata mwaka 2018 Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuivunja hila hiyo. Mtu akishuku petroli yake, aweza kudondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka isiache doa. Iliyochanganywa huacha alama ya mafuta. Yetu tuliifunga ndani ya debe, nikaandika juu yake PETROLI MBOVU, na Jumatatu nikaipeleka kwa gereji mmoja mjini mwenye pipa la mafuta machafu. Mtoni haiendi, wala shimoni, wala juu ya siafu.

Tangi tuliliosha kwa maji na sabuni ya unga, tukatia kokoto ndogo safi kiasi cha vikombe viwili, tukalitikisa kwa zamu mpaka mabega yakauma. Maji ya kwanza yalitoka kama damu. Ya sita yalitoka meupe. Tukahesabu kokoto zilizotoka, kwa kuwa kijana alikuwa na busara ya kuzihesabu kabla ya kuzitia, nasi tukakosa moja, tukaitafuta nusu saa. Kisha tukaliweka juani, kifuniko wazi, likae juma zima. Yupo aliyetushauri tulipeleke kwa mchomelea vyuma alizibe kidoa kimoja cha kutu. Nikakataa kwa nguvu. Tangi lililokwisha kuwa na petroli, hata likionekana tupu, hubaki na mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa ndani ya chombo kilichofungwa hulipuka kwa moto wa kuchomelea kuliko hata petroli yenyewe. Wachomeleaji wamekufa kwa njia hiyo.

Katikati ya juma nikaenda Molo mjini kununua mpira. Muuza duka alinipa wa plastiki, mweupe, uonyeshao ndani, akausifu akasema, "Huu utaona petroli ikipita." Ni kweli, utaiona. Lakini plastiki hiyo baada ya miezi hugeuka manjano na kuwa ngumu, ikateleza kutoka mahali pake. Nilitaka ule mweusi wa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, wenye nyuzi ndani ya unene wake. Yeye akaona ninachagua kama mtu anunuaye suti. Akautafuta nyuma ya duka, akanikatia nusu mita kwa shilingi 150, na klipu mbili kwa 40, na chujio dogo kwa 100.

Ili kijana asidhani nilikuwa nikijivuna kwa elimu ya bure, nikafanya jaribio. Nilikata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, sawa na ule uliokuwa umefungwa penye ufa, urefu wake inchi mbili kamili kwa rula ya ofisi. Nikauweka katika chupa yenye petroli kidogo, nikaifunga, nikaiacha nje usiku kucha mbali na nyumba. Nikakata na kipande cha ule mpira mweusi, nikakiweka katika chupa nyingine. Asubuhi ukanda wa baiskeli ulikuwa umevimba, umezidi inchi mbili, umelegea kama ngozi ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Ukiuvuta kidogo wakatika. Kipande cheusi kilikuwa vilevile. Kijana akavishika vyote viwili muda mrefu. Tangu hapo hakutaja tena habari ya ukanda.

Jumamosi ya pili tuliutia mpira. Tuliukata kwa wembe, mwisho wake ukawa sawa wala si mshazari, urefu wake shubiri moja, na katikati tukaingiza chujio, mshale wake ukielekea kabureta. Watu hupenda mpira mrefu wakidhani ni akiba. Katika pikipiki kama hii hakuna pampu. Petroli hushuka kwa uzito wake tu. Mpira mrefu hufanya kilima, hewa hukaa penye kilima, na petroli husimama, au hukunjika, au hulala juu ya silinda na kuungua. Nao usiwe mfupi hata ukavutika. Ushuke mteremko mmoja kutoka koki mpaka kabureta, basi. Klipu tuliziweka nyuma kidogo ya mwisho wa mpira, penye uvimbe wa mdomo wa chuma. Kabla ya hapo tulikuwa tumefungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, tukatoa maji na utomvu, tukasafisha chujio la koki kwa mswaki. Hayo yalikwenda haraka.

Tukatia lita mbili za petroli mpya, tukafungua koki, na kijana akanyosha mkono kwenye ufunguo. Nikamzuia. Tulikaa chini dakika kumi na tano tukizungumza mambo ya ng'ombe, kisha nikafuta mpira, koki na klipu kwa karatasi nyeupe, nikainusa. Kavu. Ndipo tukarudisha waya wa betri.

Ilishika kwa teke la saba. Moshi ulikuwa mwingi, halafu ukapungua, na sauti ikakaa. Shemeji alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu siku za mumewe. Hakusogea karibu, alisimama tu mpaka tulipoizima, akarudi ndani.

Kijana akaipanda kwenda barabarani. Kilomita ya tatu ikazimika. Akarudi akiisukuma, uso umemshuka, akasema, "Baba Mdogo, heri huyo mtu alete fedha zake." Nikamwambia afungue kifuniko cha tangi. Alipokifungua hewa ilivutwa ndani kwa mlio mdogo, kama mtu afyonzaye meno. Akapiga teke moja, injini ikashika. Lile tundu dogo la kifuniko nililolitaja lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu. Petroli ikishuka na hewa isiingie mahali pake, baada ya kilomita chache haishuki tena, hata kama mpira ni mpya kama fedha. Tukalizibua kwa waya mwembamba, akaenda kilomita kumi na mbili akarudi. Injini ikiwa ya moto bado, nikafuta tena kwa karatasi. Kavu.

Jumla ya gharama, pamoja na petroli ya kuanzia na nauli yangu ya kwenda mjini, haikufika shilingi 1,000. Bado mkebe wa mafuta ya injini, plagi moja, na bima, na hilo la bima Shemeji aliliweka mbele ya mengine yote. Mtoto hatatoka kwa barabara kuu bila hiyo.

Jioni aliniuliza jambo moja tu: mpira huu utakaa muda gani? Nikamwambia sitamtajia miaka. Kila mwezi kijana aukunje kidogo kwa vidole mchana. Akiona nyufa, au ukiwa mgumu, au ukiwa laini kuliko kawaida, ubadilishwe hata kama haujavuja. Shemeji akachukua kipande cha mkaa, akaenda kwenye mlango wa ghala, mahali anapoandika tarehe ng'ombe wake walipopandishwa, akaandika chini ya majina yao: "Mpira," na siku, na mwezi, na mwaka.